Zamu ya Punda

Picha ile niliikata kwenye kalenda kuukuu nikaibandika ukutani mwa darasa langu, kule kijijini Wamagana, miaka michache baada ya uhuru. Ilionyesha punda-mwitu wa nyanda za juu za Asia, rangi ya udongo mgongoni, weupe tumboni, wakikimbia mahali pasipo na mti hata mmoja, na nyuma yao theluji kama ya mlima wetu. Watoto waliniuliza mwenye punda hao ni nani. Nikawaambia ni Mungu, hakuna mwingine.

Mungu amenitendea mema mengi, nami namshukuru. Lakini jambo la mwaka ule bado linaniudhi.

Tulikuwa tukijenga kanisa la mawe kwa harambee. Kila boma lilipaswa kutoa mtu wa siku moja, ateke maji mtoni na kuyapandisha mlimani, ya kuchanganyia saruji. Jirani yangu, mzee wa kanisa, akasema zamu yake ataifanya punda wake. Sawa. Kesho yake mwenye zamu akamwazima. Na wa keshokutwa vilevile. Boma baada ya boma, watu wa Mungu walitimiza wajibu wao kwa miguu ya mnyama mmoja. Na kwa kuwa sasa alikuwa wa wote, hakuna aliyemlisha.

Jioni moja nikitoka shuleni nilimkuta mtoni amepiga magoti, madebe manne mgongoni, kamba imemla mpaka nyama. Jirani yangu ameshika fimbo.

"Mzee, huyu atakufa leo."

"Wacha, mwalimu. Hii punda iko na nguvu. Inajifanya tu."

"Zamu ya leo ni ya nani?"

Akacheka. "Si ni yako! Nimekusaidia, usichafue suti."

Nilizifungua kamba, nikajitwika debe moja mgongoni, kamba kipajini kama akina mama wetu, nikapanda.

"Ati mwalimu amekuwa punda!" wakacheka mafundi kule juu kanisani.

Nilipanda mara nne, kwa hasira zaidi kuliko kwa ibada, Mungu anisamehe. Kila niliposhuka nilimtazama punda. Alikuwa amesimama sasa, bila kamba, majani mabichi yamejaa ukingoni. Hakuyagusa, wala hakusogea hata hatua moja. Alikuwa amenigeuzia mgongo, akingoja kupakiwa.