Sahani Mbili za Winga

Ukifika Songea siku hizi usiniulize uwanja wetu wa shule uko wapi. Pale nilipokuwa nadaka mipira pamejengwa madarasa, na goli la upande wa pili limebaki nguzo moja, imefungwa kamba ya kuanikia nguo. Nilisimama hapo mwezi uliopita na winga wetu wa zamani, aliyefika kwa basi kutoka Namasakata anakolima. Tulikuwa tunakwenda kumwona mama mpishi wa shule.

Huyo mama ndiye aliyetulea. Makande kila siku, yananuka moshi wa kuni, maharage yamegoma kuiva. Tuliyasema vibaya, kisha tunarudi kwenye foleni kuomba nyongeza! Na winga alikuwa kama mtoto wake wa kumzaa. Alikuwa na mbio yule bwana. Mabeki wakimwona anapasha misuli, wanaanza kubishana nani atamkaba.

Tulipoingia fainali ya mkoa, mwalimu wa michezo alituambia wazi kwamba wateuzi wa timu ya mkoa watakuja, na jicho lao liko kwa winga. Sote tulijua siku ile ni yake.

Mama mpishi naye alijua. Mechi ilikuwa saa kumi, na mchana hatukukuta makande. Alikuwa amechinja kuku wake mwenyewe, akapika wali, na togwa ya kushushia. Mwalimu alipoomba tule baada ya mechi, mama alimshangaa.

"Mwalimu, watoto wa watu wakimbie na njaa?"

Mwalimu akanywea. Sisi wengine tulionja tukatoroka, lakini winga alisimamiwa. "Kula, baba. Leo unatuheshimisha." Sahani ya kwanza ikaisha, akaongezewa ya pili. Kwetu, mkubwa akikusimamia na upawa mkononi, hubakizi kitu. Alikula yote, akashukuru.

Kipindi cha pili, tukiwa sare, aliwapita mabeki wote, na kipa wao yuko chini. Goli tupu. Mimi huku langoni nilishaanza kuruka kwa furaha. Ghafla winga akasimama, akashika mbavu, akainama. Kichomi. Wakamnyang'anya mpira, wakaja nao mbio hadi kwangu, wakatufunga.

Winga hakuchaguliwa, na hakumwambia mtu sababu. Lakini mama alikuwa pembeni ya uwanja, na aliuona ule mkono ubavuni. Tangu siku ile hakumsimamia tena mtu akila. Inaniuma mpaka leo. Angekuwa amefanya kwa ubaya, tungemlaumu yakaisha.

Basi mwezi uliopita tulimkuta kwa binti yake, mtaa wa Msamala. Tukampa shikamoo, akaitikia vizuri, lakini jina langu hakulikumbuka. Kumbukumbu zinamtoka. Hata hivyo chakula kilipoletwa alikataa kusaidiwa, akapakua mwenyewe. Mimi alinijazia wali hadi ukamwagika mkekani. Winga, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri, na sasa ana kitambi, mama alimwekea vijiko viwili tu, akafunika sufuria.

"Wewe kula kidogo, baba. Jioni una fainali."

Nilifungua mdomo nimweleze. Winga akanibana goti.

"Inatosha, mama," akasema. "Nitakuwa mwepesi."

Akala vile vijiko viwili taratibu, na mama akakaa karibu yake akimtazama, uso umemtulia, akiisubiri saa kumi.