Sauti ya Glavu ya Tokuji

Kwa miaka kumi na mitano Tokuji Hirose alilipwa mshahara na timu ya besiboli bila kucheza hata mechi moja. Kabla ya hapo alisajiliwa akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akasota misimu minne kwenye kikosi cha pili, kisha akaachwa. Siku hiyohiyo aliulizwa kama angependa kubaki awe anawadakia warushaji mazoezini. Alikubali kabla swali halijaisha. Tangu hapo kazi yake ikawa kuchuchumaa, kuudaka mpira na kuurudisha, mara mia mbili kwa siku. Magoti yalimwisha, kidole cha shahada kikapinda. Wachezaji walimwita Ukuta, naye aliitika bila kinyongo.

Ukuta huyo alikuwa na ufundi wake. Mrushaji akisikia mpira wake umelia vizuri kwenye ngozi ya glavu, kifua humpanuka, akaamini kwamba mpigaji yeyote atakayesimama mbele yake ataukosa. Kwa hiyo wadakaji wa mazoezini hujifunza kuufanya mpira ulie. Tokuji aliwapita wote. Alipunguza pamba ndani ya glavu, aliipaka mafuta kila jioni, na mpira ulipofika aliusogelea kwa mkono kidogo tu, ukatua pale panapolia. Paa! Hata mpira wa kawaida, kwa Tokuji ulilia kama wa bingwa.

Mmoja tu hakuutaka ufundi huo, naye ni mrushaji mkongwe Onizuka.

"We Ukuta, usinipigie matarumbeta," alimwambia. "Daka tu. Mpira wangu naujua mwenyewe."

"Sawa, kaka," Tokuji alijibu. Onizuka alimzidi umri kwa mwaka mmoja, na mwaka mmoja kwa Wajapani si mchezo.

Mwezi Agosti mrushaji mmoja wa kikosi cha kwanza aliumia paja, nafasi ikawa wazi. Waliokuwa wakiigombea ni wakongwe wawili waliotoka kwenye matibabu: Onizuka, aliyefanyiwa upasuaji wa bega, na Katsumi Shirahama, aliyefanyiwa wa kiwiko. Kila mtu alijua kwamba atakayekosa ndiye atakayeitwa ofisini msimu ukiisha, aambiwe asante kwa kazi yako.

Shirahama alikuwa rafiki wa Tokuji. Walisajiliwa mwaka mmoja, wakalala chumba kimoja bwenini, wakala supu ya kunde sufuria moja. Tokuji alipoachwa kama mchezaji, Shirahama ndiye aliyelia. Mtu wa namna hiyo humtakii mabaya.

Kocha mkuu Mizoguchi alikuja mwenyewe kwenye uwanja wa kikosi cha pili, jua la saa nne likiwa tayari linachoma. Mashine ya kupima mwendo ilitoa sare: kilomita mia na thelathini na tisa kwa saa, huyu na huyu. Mizoguchi, mdakaji wa zamani, akaguna.

"Mashine haina masikio," alisema, akawapa mgongo. "Rusheni. Nitasikiliza."

Onizuka akarusha mipira thelathini. Tokuji aliidaka kama mwenyewe alivyotaka, bila kuongeza kitu. Pu, pu, pu. Ilikuwa mizito, kiganja kikamvimba. Akafuata Shirahama. Mipira yake ilikuja vizuri, halafu hatua mbili za mwisho ikalegea, na Tokuji aliihisi mkononi. Hakupanga kudanganya. Mkono ulifanya ulichozoea kumfanyia Katsumi: paa! paa! paa!

"Shirahama," kocha alisema bila kugeuka. "Jumapili unaanza wewe."

Shirahama akavua kofia na kuinama. Onizuka naye akainama, akaokota taulo lake na kuondoka. Kule kuinama kwake ndiko kulikomchoma Tokuji. Alikwenda bombani, akaweka kiganja chini ya maji, akakitazama kilivyovimba. Kisha akamfuata kocha hadi kwenye gari.

"Bwana kocha, ile sauti uliyoisikia ilikuwa yangu."

"Sauti gani?"

"Ya Shirahama. Mimi ndiye niliyeufanya mpira ulie. Mpira wake unakufa mwishoni. Wa Onizuka nimeudaka mkavu. Tazama." Akamwonyesha kiganja.

Mizoguchi alikitazama. "Shirahama si rafiki yako?"

"Ni rafiki yangu."

"Na unaniambia."

"Jumapili mipira yake itapigwa hovyo mbele ya watu elfu thelathini, bwana kocha. Naogopa hilo zaidi."

Mizoguchi aliingia garini, akafunga mlango kwa nguvu. Saa nane mchana jina kwenye ubao lilibadilishwa, likawa la Onizuka.

Kesho yake Tokuji alifika uwanjani. Shirahama alikuwa tayari pale kwenye kilima cha kurushia, peke yake, amevaa jezi kamili.

"Kocha kaniambia," alisema. "Kaa chini, Toku. Nidakie."

"Katsu, mimi..."

"Kaa chini bwana! Na leo mlio usiurembe. Nataka niusikie wenyewe."

Tokuji akachuchumaa. Shirahama akainua mguu, akarusha kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Pfu. Ulikuwa mlio wa mto wa kulalia uliotupwa kitandani. Akarusha wa pili, wa tatu. Pfu. Pfu. Alisimama akiutazama mkono wake, jasho likimtiririka shingoni.

"Uko hivi tangu lini?"

Tokuji hakuweza kumtazama. "Tangu Mei."

"Tangu Mei." Shirahama alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Kocha umemwambia siku hiyohiyo. Mimi umenipigia ngoma miezi mitatu, nikawa narudi nyumbani kila siku namwambia Fumie, mke wangu, mkono umerudi. Paa, paa! Mpaka mwanangu anaigiza."

"Nilitaka upate moyo."

"Moyo ninao, Toku. Nilikuwa sina mtu wa kuniambia."

Tokuji akainamisha kichwa mpaka barakoa ya wavu ikagusa vumbi. "Nisamehe."

Shirahama alinyoosha glavu kudai mpira, Tokuji akamrudishia, akajiweka sawa. Mpira ulikuja taratibu, ukalegea mwishoni, naye akaudaka vilevile ulivyokuja.