Gitaa la Plastiki Lililopandishwa Bei Kanisani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika: huyu Eldoret, yule Dubai, mwingine hata haijulikani yuko wapi ila picha zake zina theluji. Mimi nilitawanyika kutoka chumba cha kulala hadi sebuleni, ambako nimeweka mashine ya kufuma sweta za shule. Nikisafiri sana, nimefika sokoni kununua uzi. Baba, ninayeishi naye hapa Shabab, Nakuru, husema mimi ndiye treni pekee aliyowahi kuiona ikizaliwa, ikakua na kuanza kuzeeka bila kutoka stesheni. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, kwa hivyo mifano ya treni haimwishii.

Katika mojawapo ya safari zangu hizo ndefu za sokoni, miaka kadhaa iliyopita, nilimkuta jamaa wa mitumba ya vyombo ametandaza turubai. Alikuwa na pasi, blenda, viti vya watoto, na katikati magitaa mawili ya plastiki yasiyo na nyuzi. Shingoni yalikuwa na vitufe vitano vya rangi, na pale mkono wa kulia unapopigia palikuwa na kibao kidogo cha kushtua juu na chini.

"Boss, hizo ni za gemu," akaniambia. "Unachomeka kwa hii mashine, wimbo unacheza kwa TV, rangi zinateremka, na wewe unabonyeza rangi yako. Ukikosea, watu wa kwa TV wanakuzomea."

Nikamwambia watu wa kunizomea ninao nyumbani tayari, na wao hawahitaji stima. Lakini nilinunua. Magitaa mawili, mashine na diski, vyote kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji. Yeye mwenyewe alionekana kushukuru, kama mtu aliyeondolewa takataka mlangoni.

Gitaa la pili halikukaa kwetu. Shangazi, dada yake baba aliyeolewa Subukia, alikuja kututembelea, akaliona limeegemea ukuta. Shangazi huniita baba, kwa sababu nilipewa jina la babake. Ni heshima kubwa, ila ina gharama zake. Baba hawezi kumnyima bintiye.

"Baba," akasema, "una mikono mingapi, ya kupiga magitaa mawili?"

"Miwili, shangazi."

"Basi."

Akaondoka nalo. Baadaye nikasikia amelitundika sebuleni kwake, kati ya kalenda na picha ya marehemu babu, akalivika kitambaa alichokishona kwa mkono kama alivyovivika viti, meza, redio na kila kitu kingine kisichokimbia. Wageni huambiwa mpwa wake wa Nakuru ni mwanamuziki. Sikumkosoa. Ndicho cheo pekee nilichowahi kupewa.

Kisha baba akapata kiharusi. Kilikuwa kidogo, walisema hospitalini, lakini kiliondoka na nguvu za mkono wake wa kushoto. Mkono wenyewe uliweza tu kulala juu ya paja na kukaa hapo. Dada wa mazoezi alimpa mpira laini wa kubonyeza, akatuonya kwamba mkono usipofanyishwa kazi kila siku utakakamaa, na ukishakakamaa hivyo hautarudi tena. Baba aliutazama mpira ule.

"Mimi nimefunga mabehewa," akasema. "Sasa nifinye mpira kama mtoto anayeota meno?"

Nilimbembeleza wiki mbili nzima. Mpira ulikaa dirishani hadi paka wa jirani alipouchukua.

Sasa, ile gemu mimi nilikuwa naicheza mchana, sweta zikinichosha. Siku moja nikiwa katikati ya wimbo, wale Wazungu wa kwa TV wakipiga kelele kama watu wanaochomwa sindano, nikamsikia baba nyuma yangu.

"Wewe huna kidole. Hiyo ya kijani imekupita."

"Njoo basi ucheze wewe."

Nilisema kwa mzaha. Akasema nimletee. Nikamvika mkanda, nikauweka mkono wa kushoto kwenye vitufe, kidole kimoja kimoja. Alikosea kila kitu. Watu wa kwa TV wakamzomea, naye akawatukana kwa lugha ya mama. Kesho yake, kabla sijawasha mashine ya sweta, nilimkuta amekaa mbele ya TV na gitaa mapajani.

Mpira ulikuwa mazoezi. Hili lilikuwa mashindano, na baba hajawahi kukubali kushindwa hata na redio. Tulikuwa tunapokezana, wimbo wake, wimbo wangu, tukilinganisha alama. Baada ya miezi miwili kidole cha shahada kilikuwa kinabonyeza kijani bila kusaidiwa, na cha kati kinafika nyekundu kikichelewa kidogo. Dada wa mazoezi alifurahi, akadhani ni mpira. Hatukumsahihisha. Jirani naye alikuja kuuliza kwa upole kama tumejiunga na dini nyingine, kwa ajili ya zile kelele. Baba akamjibu kwamba hapana, ni dawa.

Halafu kitufe cha kijani kikafa.

Nililipeleka gitaa kwa fundi wa simu. Akalifungua, akalitazama ndani kwa huzuni ya kitaalamu, akaniambia waya mwembamba wa shingoni umekatika na spea yake haipo duniani. Nikamuuliza kama lingine linapatikana. Akapiga simu kwa rafiki yake mwenye duka la gemu mjini, akaweka sauti nje ili nisikie mwenyewe.

"Magitaa? Hizo ziliacha kutengenezwa kitambo, bana. Saa hii Wazungu waliozicheza wakiwa watoto wamepata kazi, wanazitafuta. Bei imeenda juu kabisa."

Akataja bei. Mashine yangu ya kufuma sweta nilinunua kwa pesa kidogo kuliko hiyo. Nikauliza kuhusu mpya. Akasema ndiyo, zipo mpya sasa, lakini hazielewani na mashine ya zamani, kwa hivyo ningenunua gitaa jipya, mashine mpya, gemu mpya, na labda TV mpya. Ni kama uende kununua kifungo cha shati uambiwe kwamba kifungo hicho huuzwa pamoja na fundi cherehani.

Nilirudi nyumbani nikamweleza baba. Akasema si kitu, kwani yeye ni mtoto wa kuchezea gitaa la plastiki? Kisha akaweka mkono pajani, akaufunika kwa blanketi, na ukakaa hapo. Wiki ya kwanza. Ya pili. Wiki ya tatu nilimpa kikombe upande wa kushoto makusudi, akakizunguka kwa mkono wa kulia.

Ndipo nikakumbuka Subukia.

Hapa nakiri kosa langu. Mtu mwenye akili angempigia shangazi simu na kusema, shangazi, ninahitaji lile gitaa, ni la mkono wa baba. Mimi nilianza kwa kujionyesha. Mtu anayeshinda ndani akipata habari ya kusimulia huwa haifupishi. Nikamwambia jinsi lile gitaa lake la ukutani lilivyo mali siku hizi, jinsi Wazungu wanavyoyagombania magitaa kama hayo, na nikamtajia bei. 

"Baba," akasema polepole, "Mungu ni mwema."

"Kabisa, shangazi. Sasa nilikuwa nataka..."

"Nilikuwa nimemwahidi Mungu kitu cha mnada wa mavuno, na kuku wangu wamekufa wote kwa ugonjwa isipokuwa mmoja. Nikawa najiuliza, nitapeleka nini? Kumbe kinaning'inia hapo!"

Nilipomweleza kuhusu mkono wa baba, alisikitika kweli kweli, lakini akasema kitu kikishaahidiwa kanisani hakirudi nyumbani kwa mlango uleule. Kinanunuliwa. "Njooni Jumapili," akasema. "Hapa Subukia nani atataka gitaa lisilo na nyuzi? Mtalichukua kwa bei ya kabichi."

Baba aliposikia mpango huo alikunja uso. "Mimi sifuati vidude. Nitaenda kumsalimu dada yangu."

Tukakodi gari la jirani. Kanisani tulipokelewa na mama wa zamu, akamwongoza baba hadi viti vya mbele, vya wazee, kwa ajili ya fimbo yake na mvi zake. Mimi nilijitafutia kona ya mwisho nyuma ya nguzo, mahali ninapopapenda katika kila mkutano. Kutoka hapo nilimwona mwendesha mnada tu, mzee wa kanisa mwenye kipaza sauti, na kofia za akina mama.

Wasiojua mnada wa mavuno wajue hivi: pale bei haifuati akili. Yai moja huenda kwa bei ya trei. Mtu hununua mkungu wa ndizi kisha anaurudisha uuzwe tena, watu wakipiga makofi. Paa la kanisa linajengwa hivyo. Mimi nilikuwa nimebeba pesa za kabichi, na kidogo za akiba.

Gitaa likaletwa bado limevaa kitambaa chake. Mwendesha mnada akaligeuza huku na huku.

"Hili limetoka ng'ambo! Mama yetu amelitoa ukutani kwake! Linalia vipi?" Akashtua kile kibao. Tik, tik, tik. Kanisa likacheka. "Linaongea kwa unyenyekevu," akasema. "Tuanze na mia tano."

Nikainua mkono. Mia tano.

"Nasikia elfu moja hapa mbele!"

Nikashangaa. Elfu moja mia tano, nikasema.

"Elfu mbili, mbele!"

Kuna mtu alilitaka kweli. Nikawaza labda ni mzee mwenye mjukuu, au habari za Wazungu zimefika Subukia kupitia mdomo wa shangazi. Elfu mbili mia tano. Mbele wakasema tatu. Nikasema tatu mia tano. Mbele wakasema nne. Nilianza kumchukia mtu huyo kwa chuki safi ya Jumapili. Shangazi, ambaye mpaka hapo nilikuwa nimeona kilemba chake tu, aligeuka akanitazama, akageuka akatazama mbele, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayeomba. Mabega yake yalitikisika.

"Elfu tano nyuma ya nguzo!" mwendesha mnada akapaza sauti. "Na mbele? Elfu sita! Ona mzee huyu, mkono wa kushoto juu, wala hasemi neno!"

Nikasimama. Nikachungulia kando ya nguzo.

Alikuwa baba. Shangazi alikuwa amempa yule kuku wake wa mwisho amshikie hadi zamu ya kuku kunadiwa ifike, na kuku alikuwa amebanwa kwapani, miguu ndani ya mkono wa kulia. Fimbo ilikuwa imelala sakafuni. Kwa hivyo ulikuwa umebaki mkono mmoja tu, naye alikuwa ameuinua huo. Ulikuwa umefika usawa wa sikio. Vidole vilikuwa vimejikunja nusu, kiwiko kikicheza, lakini ulikuwa juu, na macho yake yalikuwa yamekazwa kwenye gitaa kama anayeogopa lisimtoroke. Hakuweza kugeuza shingo kuona ni nani anayempandishia bei kutoka nyuma.

"Nyuma ya nguzo! Umeshindwa? Elfu sita mara ya kwanza..."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Pesa hizo, vyovyote vile, zilikuwa zangu. Baba hakuwa na hata shilingi mfukoni, alikuwa akinipandishia bei ya gitaa langu kwa pesa zangu. Mkono wake ulikuwa umeanza kushuka.

"Elfu saba," nikasema.

Nikauona ukipanda. Ulipita sikio. Ulipita kofia yake. Kuku alilia.

"Elfu nane!" mwendesha mnada akashangilia.

Nikakaa chini.

Nilituma pesa kwa simu mlangoni, zikiwemo za uzi wa sweta za muhula. Mtunza hazina alinipa risiti na kuniuliza kama ningependa kulirudisha mnadani kwa baraka zaidi. Nilimwambia nimeshabarikiwa kiasi cha kutosha. Shangazi akanisogelea akifuta macho kwa kanga.

"Uliona ni sisi," nikamwambia.

"Niliona, baba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, paa lingemaliziwa na nani?" Kisha akanishika mkono, akashusha sauti. "Na ule mkono nilikuwa sijauona tangu augue. Nilitaka niuone tena kidogo."

Njiani kurudi baba alikaa kiti cha mbele, gitaa mapajani, kitambaa cha shangazi akikitumia kupangusa vumbi kwenye vitufe. Tulipoanza kuteremka kuelekea Nakuru akatikisa kichwa.

"Kulikuwa na mjinga mmoja huko nyuma," akasema. "Alikuwa ananipandishia tu. Hata gitaa lenyewe nadhani hajui kulipiga."

"Watu wengine hawana adabu," nikamwambia.

"Lazima ni mtu asiye na kazi. Anayeshinda ndani."

Kutoka kiti cha nyuma nilimtazama kupitia kioo cha dereva. Uso ulikuwa mkavu kabisa, wa mzee asiye na hatia. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefika kwenye kijani, na kilikuwa kinabonyeza.