Barua Aliyoitia Chumvi Bi Nukta

Bi Nukta hakuwa mtu wa kukataa kazi ovyo. Kwa miaka tisa alikuwa amekodi kona ya duka la fotokopi, meza moja, viti viwili vya plastiki na kompyuta iliyofutika herufi, akiwaandikia watu barua, hotuba na maombi ya kazi. Waliotaka kumtishia mtu aliwatimua. Wanafunzi waliotaka kuandikiwa insha za darasani aliwatimua pia, tena kwa makelele, duka zima lisikie. Wengine wote aliwapokea, na moyoni alijiona mtu wa msimamo kwelikweli.

Jina hilo la utani alilipata kwa utaratibu wake. Hakutaka kujua majina ya watu. Mteja alieleza shida yake, yeye akaandika, na mahali pa jina akaacha nukta nukta, mteja akajaze mwenyewe nyumbani kwa kalamu. "Nisipojua, sitaropoka," aliwaambia, na watu walimpenda kwa hilo.

Asubuhi moja akaja dereva wa lori, pande la mtu, akakaa kwenye kiti cha plastiki kwa tahadhari kama anayekalia yai. Akatoa barua iliyokunjwa mara nne.

"Nimeandikiwa na dada yangu," alisema. "Nataka umjibu. Umjibu vikali, ajue na mimi nina mdomo."

Bi Nukta akavaa miwani. Mstari wa kwanza ulimpita tu. Wa pili ukamfanya arudi nyuma. Wa tatu ulisema: "Siku hizi Mama akisikia jina lako hugeukia ukutani." Sentensi hiyo aliijua. Aliitunga mwenyewe, papo hapo mezani, wiki mbili nyuma, na alivyoipenda akaisoma kwa sauti.

Mteja wa siku ile alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpole aliyekuja na vipande vya uzi bado vimemganda kwenye gauni. Alisema kaka yake hajakanyaga nyumbani mwaka wa pili sasa, na mama yao ni mgonjwa. Alitaka barua ya kumwita, basi. Bi Nukta akaona maneno yamepooza, akayatia chumvi. Habari za ukuta hazikusemwa na mtu yeyote. Fundi aliisoma barua, akasita kidogo, kisha akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua."

"Mama yangu hajawahi kunipa mgongo," dereva alikuwa akisema. "Hata nilipofukuzwa shule. Sasa kama tumefika huko, siendi tena. Mwandikie hivyo. Hata akifa, wazike wenyewe."

Bi Nukta hakujua ashike lipi. Akikubali, atakuwa anagombana na nafsi yake kwa midomo ya watu wawili. Akikataa bila kutoa sababu, jamaa atavuka barabara tu kwa mwandishi mwingine. Akitoa sababu, atakuwa amemwaga siri ya mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliwaza huku, akawaza kule. Nyuma yake mashine ilikuwa ikitema karatasi, naye akatamani ikwame, apate la kushughulikia.

"Hii siandiki," alisema mwishowe.

"Kwa nini? Una kazi nyingi?"

"Sina."

"Sasa? Kwani nimemtishia mtu?"

"Hapana, bwana. Wewe nenda nyumbani. Mama yako anakungoja."

"Umejuaje?"

Hakujua. Alikuwa ametunga tena, mchana kweupe, mbele ya mwenye mama! Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akaona bora alitumbue jipu.

"Barua hii nimeiandika mimi," alisema. "Dada yako alitaka uje, hakutaka kingine. Hayo ya ukuta nimeyatia mwenyewe. Nilitaka uumie kidogo, ndipo uje."

Dereva alimkodolea macho. Hakupiga meza wala hakutukana, na Bi Nukta angeona nafuu kama angetukana. Aliichukua ile barua, akainyoosha kwa kiganja, akapitisha kidole chake kinene mstari kwa mstari mpaka chini kabisa.

"Na hapa?" aliuliza, sauti imemshuka. "Anaposema kitanda changu bado wanakitandika kila siku. Hili ni la dada, au nalo ni lako?"

Bi Nukta akausoma mstari huo. Akausoma tena. Ungeweza kabisa kuwa wa yule mwanamke mpole. Ungeweza pia kuwa wake, maana ulikuwa mzuri. Karatasi anazoandikia maelezo ya wateja huzichana kazi ikiisha, kwa uaminifu, na ya fundi alikwishaichana zamani. Dereva alikuwa amemwinamia, anangoja.

"Sikumbuki," alisema, na ilikuwa kweli.