Meza ya Wawili, Mlango wa Mmoja

Jua halijachomoza vizuri, na Mushiya Tshilombo anasonga bukari, kama ugali unavyoitwa huku, ndani ya kibanda chake kipya cha matofali katika eneo la Manika, mjini Kolwezi. Mwiko unazunguka, jasho linamtiririka. Upande wake wa kulia, meza ya saruji ni tupu, isipokuwa sufuria moja nyeusi iliyofudikizwa.

Sufuria hiyo si yake.

Mteja wa kwanza, mwendesha taxi-moto, bodaboda ya huku, aitwaye Dimitri, anaonja mboga ya samaki na kukunja uso.

"Mama Mushiya, hii samaki uliipika ao uliiosha tu?"

"Kula, we kinywa! Kama haikupendezi, rudisha sahani yangu."

"Bukari iko muzuri, Mama. Ni mboga njo inalia."

Wanacheka wote wawili. Mushiya ndiye anayeacha kucheka kwanza.

Kwa miaka kumi na mmoja, Mushiya, ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, aliuza chakula kwenye meza moja ya mbao pamoja na Mama Mbayo, mzaliwa wa kaskazini mwa Katanga. Mushiya alisonga, Mbayo alipika mboga. Mbayo hakuweza kusonga bila madonge, na Mushiya hata leo hajui kukadiria chumvi.

Sokoni mwao, mwanamke anayeitwa kwenda msibani hufudikiza sufuria yake mezani. Hakuna anayethubutu kuikalia nafasi hiyo mpaka mwenyewe arudi.

Kisha ukaja mpango wa kuufufua mtaa. Mitaro ilichimbwa, taa zikawashwa, na wanawake wafanyabiashara wakajengewa vibanda. Hakuna anayeubeza mpango huo: kila msimu wa mvua, maji machafu yalikuwa yakipita katikati ya vyungu. Lakini kanuni ilikuwa kali: meza moja, kibanda kimoja, jina moja.

"Baliuliza nani atakamata ufunguo," anasimulia Mushiya. "Mama Mbayo akasema, 'Kamata weye, uko na batoto mu masomo. Mi nitakuwa nyuma yako.' Nikakamata. Nilizani jina ni jina tu, kazi itabakia yetu."

Haikubakia yao. Msimamizi wa vibanda, Madamu Annie, aliwakataza wauzaji wawili kukaa chini ya jina moja, kwa kuhofia kwamba wenye funguo wangewapangisha wenzao. Mbayo akawa anaingia kwa siri. Msimamizi alipotokea, Mbayo alijifanya mteja.

Asubuhi moja msimamizi alikuja, akakawia kibandani. Mbayo akaketi kwenye benchi mbele ya watu na kula mboga aliyoipika mwenyewe, kijiko baada ya kijiko, huku akiulizwa na msimamizi kama chakula ni kitamu. Alilipa. Akaosha sufuria yake, akaifudikiza, akaondoka. Sasa anawapikia madereva wa malori huko Fungurume.

"Ningesema neno moja tu," asema Mushiya. "Ufunguo ulikuwa mu kitambaa yangu, na kinywa nayo ikafungwa."

Wakati wa meza ya mbao, walimaliza sufuria tatu za bukari kabla ya adhuhuri. Siku hizi anasonga moja, na mara nyingi masalio hurudi nyumbani kuwa chakula cha watoto.

Karibu na saa nne, Madamu Annie anapita. Si mtu mkali, amechoka tu.

"Mama, hii upande inakaa bure. Toa sufuria, tuweke mama wa kuuza yunite za kupigia simu, na jina yake mwenyewe."

"Haiko bure, madamu. Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi?"

Mushiya anashika tena mwiko. Amepewa hadi mwisho wa mwezi. Baadaye nusu hiyo itapewa mwingine.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, atapanda basi dogo kwenda Fungurume kumwomba Mbayo arudi. Msimamizi akikataa kuliandika jina la Mbayo kwenye nusu hiyo, Mushiya ataurudisha ufunguo, nao wataitandika meza ya mbao kando ya mtaro, mvuani, kama zamani.

Na Mbayo akikataa?

Mushiya anapangusa saruji kuizunguka sufuria, bila kuisogeza.

"Akinitukana, ni muzuri, tutarudi pamoja," anasema. "Lakini akinitandikia kiti na kuniuliza kama nimekula, sawa na mugeni, hapo njo nitajua nimemupoteza."