Pedali za Mama

Kila nipitapo kituo cha petroli nikasikia upepo ukitolewa kwenye tairi, ule mlio wa fyuu unaokatika ghafla, huwa nasimama. Watoto wangu wamezoea. Husema, "Mama keshakwenda kwao," na kweli huwa nimekwenda kwetu, Kibokoni, kwenye kiwanja kidogo kilichokuwa kando ya Ndia Kuu. Namwona Baba amechutama mbele ya tairi, kikoi amekikunja magotini, kipimo cha upepo mkononi na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Harufu ya mpira uliopigwa na jua hunijia pamoja na mlio ule. Kisha hunijia huzuni, na kwa miaka mingi sikujua ilitoka wapi.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa karani kwenye maghala ya bandarini, Kilindini, na kwa kujinyima sana alikuwa amenunua gari dogo lililokwisha kutumika, la milango miwili, rangi ya chai ya maziwa. Mtaani kwetu halikuingia. Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengewa watu na punda, kwa hiyo gari lililala pale kiwanjani, na kila aliyetoka msikitini alilipitia akaligonga boneti kama anayechagua tikiti sokoni.

Baba hakulinunua kwa fahari. Bibi yangu mzaa mama alikaa Majengo, na alikuwa na maradhi ya miguu yaliyomtaka afike hospitali kila mara. Baba akiwa kazini, nani wa kumpeleka? Basi Baba akaamua kumfundisha Mama kuendesha. Enzi zile, mwanamke wa Mji wa Kale kushika usukani lilikuwa jambo la kutosha mabaraza wiki nzima. Ami zangu wawili walikuja nyumbani kwa heshima zote, wakanywa kahawa, wakamuuliza Baba kama amefikiri. Akawajibu kuwa amefikiri, na kuwa mama mkwe wake hawezi kungoja mpaka meli zimalize kupakua. Wakarudi kwao na kahawa zao tumboni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na sijapata kumpenda baba yangu kama siku ile.

Tatizo lilikuwa moja: Mama alikuwa mfupi. Siku ya kwanza Baba alipompeleka ile barabara ya ufukweni kule Kizingo, mimi nikiwa kiti cha nyuma, alikaa, akashika usukani, akanyoosha mguu, akanyoosha tena, kiatu kisiiguse pedali. Akageuka.

"Baba Zuwena, mguu wangu haufiki tini."

Baba hakucheka. Alipima kwa shubiri toka wayo wake hadi kwenye pedali, na jioni ile akaanza kuchonga. Alichonga vipande vitatu vya mvule, kimoja cha kila pedali, akavitia mikwaruzo juu ili kiatu kisiteleze, akavifunga kwa skrubu na mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Mama naye akashona mto wa sufi wa kukalia. Kwenye madirisha ya nyuma wakatia pazia nyeusi, kwa ajili ya Bibi, na nadhani kwa ajili ya ami zangu pia. Baba mwenyewe, alipoendesha na mbao zile, magoti yalimpanda hadi kwenye usukani akawa kama panzi. Hakulalamika hata mara moja.

Laiti mngalimwona Mama barabarani. Nyumbani alikuwa mpole wa sauti ya chini, mtu wa kuitika. Lakini akishapita Makadara na gari limechanganya, alikuwa mwingine. Aliimba. Aliwakaripia wenye mikokoteni kwa adabu iliyowafanya waombe radhi. Asumini aliyoipachika kifuani ilijaza gari lote, na Bibi pale nyuma, miguu amenyoosha juu ya mapaja yangu, alisema, "Polepole, mwanangu, mimi sijaagana na dunia." Mama alikuwa amepita mtihani wa leseni kwa jaribio la kwanza, na aliyemtahini alishuka garini akamwambia Baba kuwa ameona madereva wa lori wabaya kuliko huyu.

Sasa, kazini kwa Baba palikuwa na Mgoa mmoja, Bwana Fransisi, mwembamba, mcheshi, mwenye wazimu wa magari. Alikuwa mwanachama wa klabu ya watu walioshindana Jumapili, ng'ambo ya Makupa, kwenye uwanja mkavu waliopanga mapipa. Hayakuwa mashindano ya kukimbizana. Gari moja huingia peke yake, likazunguka mapipa kwa njia iliyoamriwa, saa ikihesabu, na ukigusa pipa unaongezewa muda. Watu walikuja na magari yao ya kila siku, yale yale ya kwenda kazini na sokoni. Bwana Fransisi akamtia Baba maneno masikioni mpaka yakaota mizizi.

"Kuna daraja la magari ya kawaida," alimwambia, wamekaa barazani kwetu. "Hutakiwi kuongeza kitu. Gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, basi. Ushindi ni wa dereva."

Baba alilipenda neno lile. Mtu wa maghala huwa na mapenzi na kila kitu kilichokaa mahali pake. Kwa majuma kadhaa nyumba yetu ilinuka mafuta ya taa. Hakuruhusiwa kubadilisha kitu, kwa hiyo alikirekebisha kila kilichokuwepo: plagi alizisugua hadi zikang'aa, breki akazikaza sawasawa kila gurudumu, nati za magurudumu akazipitia moja moja kama mtu anayevuta tasbihi. Alichora mistari ya chaki ubavuni mwa matairi, akaenda Kizingo akakata kona kwa kasi, kisha akashuka kutazama chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika sana, tairi linalala, huongeza upepo. Ikibaki yote, tairi limekaza mno, hupunguza, fyuu. Chaki nilimletea mimi toka chuoni, na bado sijui maalimu alidhani inaliwa na nani.

Kulipunguza gari uzito kuliruhusiwa, mradi ni vitu vinavyobebeka. Akatoa tairi la spea, jeki, mikeka ya miguuni. Akatoa mto wa sufi. Bwana Fransisi, aliyekuja kukagua kabla ya wakaguzi, akaingiza kichwa ndani, akakitoa taratibu.

"Pazia hizi hazikutoka kiwandani."

"Nitazitoa."

"Na mbao hizi za pedali."

"Hizo za mke wangu," Baba akasema.

"Najua, rafiki yangu. Lakini mkaguzi hamjui mke wako."

Nakumbuka Baba alivyosimama, kitambaa cha mafuta mkononi, akimtazama Mama aliyekuwa ameleta chai. Sitaki mumdhanie vibaya. Alikuwa tayari kughairi. Niliuona uso wake. Ni Mama aliyetua sinia juu ya boneti.

"Ni Jumapili moja," akasema. "Nipe bisibisi."

Skrubu zilikuwa mahali pabaya, na mikono ya Baba ilikuwa minene. Mama akajipinda chini ya usukani, buibui limetapakaa juu ya kiti, tukasikia skrubu zikilia moja baada ya moja. Akatoka na mbao tatu na vumbi puani. Baba akamwambia, mbele yetu sote, "Jumatatu jioni nazirudisha, inshallah."

Jumapili ile tulikwenda sote. Tulivuka Makupa, tukaupita ule uvundo wa Kibarani tumeziba pua, mpaka kwenye uwanja uliojaa vumbi jekundu, Wazungu wenye kofia za majani, Wahindi na vikapu vya chakula, na Baba yangu aliyevaa kofia ngumu ya kuazima juu ya kofia yake ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, maana alikataa kuivua. Mkaguzi alichungulia kila pembe ya gari, akagonga kiti, akabonyeza pedali, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Gari lilikuwa kama lilivyotoka kiwandani. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona hiyo ni sifa kubwa. Haikunijia akilini kuwa kiwandani hawakumtengenezea Mama.

Baba alizunguka yale mapipa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, gari likiinama na kuinuka, vumbi likitanda nyuma yake. Hakugusa pipa hata moja. Alitoka wa tatu kati ya walioshindana mara ya kwanza, akapewa kikombe cha fedha bandia, kidogo kuliko kikombe cha kahawa chungu. Mama alipiga vigelegele hadi Wazungu wakageuka. Kikombe kikawekwa kabatini, kwenye rafu ya juu, pamoja na Msahafu na vikombe vya China vya harusi.

Jumatatu Baba alichelewa kutoka kazini. Jumanne aliingia mgeni. Kisha Bwana Fransisi akaja na habari kuwa kuna mashindano mengine mwezi ujao.

"Mama Zuwena, ya nini kufunga nikafungue tena?" Baba akasema. "Tuvumilie yapite haya."

"Ahadi ni deni," Mama akasema, lakini alisema akicheka.

Yakapita hayo, yakaja mengine. Baba hakumwacha Bibi bila hospitali. Alimpeleka mwenyewe akipata ruhusa, na asipopata Mama alikodi teksi, na siku za kumjulia hali tu alitembea hadi Majengo juani akarudi ukosi umelowa. Mara ya pili alimkumbusha wakati wa chakula cha usiku. Baba akaapa kuwa ni wiki ile ile, na nina hakika aliamini kiapo chake. Lakini miguu yake ilikwisha kuonja nafasi. Bila mbao alikaa vizuri, alikanyaga vizuri, na kila jioni gari lilimngoja kama farasi aliyepigwa brashi.

Alasiri moja Mama alijaribu. Alikunja shuka akaitia mgongoni ili asogee mbele, akawasha gari. Nilikuwa kando yake. Gari liliruka kidogo, likaruka tena, likazima. Vijana wa barazani wakacheka, si kwa ubaya, kama wanavyomcheka mtu yeyote anayejikwaa. Mama akatoa shuka, akaikunja vizuri, akafunga mlango kwa ufunguo. Habari ilimfikia Baba kabla ya magharibi.

"Kumbe unataka kunivunjia gari la mashindano," akamtania.

"Haufiki tini, Baba Zuwena. Nilikwambia zamani."

"Nitazifunga, wallahi."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na ya mwisho. Mama hakulitaja tena jambo lile. Bibi alifariki mwaka uliofuata, kwa maradhi yake, kitandani kwake, na Mama yuko naye. Gari halikuhusika kabisa na kifo kile. Likabaki la Baba. Leseni zilipofika wakati wa kulipiwa upya, Baba alizishika zote mbili, akauliza, "Yako ya nini, nawe huendeshi?" Mama alikuwa akikaanga samaki. Akasema, "Fanya uonavyo." Baba akalipia moja. Alishindana miaka michache, akapata vikombe vingine viwili, kisha mgongo ukamkataza na gari likauzwa. Nyumbani kwetu, wageni wakija, vilishushwa vikombe vile wakavishika.

Nimekuwa mtu mzima, nimejifunza kuendesha, nami ni mfupi kama Mama. Siku hizi viti husogea. Baba alipokuwa mgonjwa, maradhi yaliyomchukua, tulizungumza habari za gari lile, na akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Mama yako alilipenda sana, kisha likamtoka moyoni. Hakuniuliza tena." Alisema kwa mshangao, kama mtu aliyelitafakari peke yake miaka mingi na asipate jibu.

Mama alipotoka eda nilikwenda kukaa naye. Tulikuwa tukichagua mchele, ungo mmoja, nikamuuliza.

"Mama, mbao zile ulizifungua mwenyewe. Mbona hukuzifunga mwenyewe?"

Hakuinua macho. "Kuzifunga nilijua. Nilitaka azifunge yeye."

Nikamwambia maneno ya Baba. Vidole vyake vikasimama juu ya mchele.

"Mtu huomba hata haya ikamshika, mwanangu. Nilinyamaza ili akumbuke."

Nilipokuwa mtoto nilidhani nyumba yetu ilikuwa na dereva mmoja hodari, maana ndivyo kabati ilivyosema. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma cha Mama safari zote zile za Majengo, nimeona kwa macho yangu alivyolipitisha gari kati ya mikokoteni na Bibi asitikisike, na sikuwahi kufikiri kuwa hilo nalo ni jambo la kusifiwa. Najuta kwa ajili yao wote wawili, mmoja aliyesubiri kuulizwa na mmoja aliyesubiri kukumbukwa, lakini zaidi namjutia Mama, kwa sababu Baba alipigiwa vigelegele vyake.

Akatoa chuya moja, akaitupa. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Na nilikuwa naendesha vizuri."

"Ndiyo, Mama," nikamwambia. "Ulikuwa ukiendesha vizuri sana."

Umri wake ulikuwa umepita sabini, na ndiyo mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kumwambia.