Kiti cha Saba

Meza ikishatandikwa, husemwa sote tu sawa;
Kitini koba huwekwa, mja miguu hupewa.

Miaka ile ya tisini tulikwenda, marafiki sita, kula katika mgahawa mdogo wa Kiburma huko ng'ambo, mtaani Azaiba. Mwenyeji wetu, mmoja wa sita hao, bibi wa Kiunguja mpenda hotuba, alimleta yaya wake wa Tanga ambebee mtoto. Vyakula vyote viliwekwa katikati ya meza.

“Kama sinia la kwetu!” akasema mwenyeji. “Hapa hapana mkubwa wala mdogo. Jongeeni, mie nna njaa!”

Mhudumu wa Kiburma akahesabu vichwa, akaleta kiti cha saba. Yaya, ambaye hakuwa ameketi tangu alfajiri, akakisogelea, mtoto kalala begani. Mwenyeji akamtangulia kwa kuweka mkoba wake kitini.

“Ngozi hii haiwekwi chini,” akatuambia. Kisha akamgeukia yaya: “Nawe ukikaa, mtoto ataamka.”

“Sawa, mama,” yaya akajibu, akibadilisha mguu wa kusimamia.

Mhudumu hakujua Kiswahili hata neno, lakini ni yeye pekee aliyeielewa ile hotuba. Sisi tuliisifu, nami nikaomba pilipili. Sita tuliketi, mkoba ukawa wa saba. Yaya alibaki amesimama.